Ukiambiwa 'utafiti umeonyesha', uliza nani ameukagua

SIKU ya soko la tumbaku kwenye chama cha msingi, kila mkulima wa Tabora anajua kwamba neno lake peke yake halitoshi. Unaweza kuwa umechambua majani vizuri na kuyafunga kwa uangalifu, lakini daraja halitoki mdomoni mwako. Mteuzi hulifungua robota, hulitazama na kulishika jani, ndipo hutamka daraja. Tunanung'unika mara nyingi, na mara nyingine kwa haki. Hata hivyo, hakuna anayedai kila mtu ajipangie daraja lake. Kinyozi hajinyoi.

Ndugu msomaji, wasomi nao wana soko lao la namna hiyo. Siku hizi kila muuza mbegu, mbolea au dawa ya kupulizia huja na maneno "utafiti umeonyesha". Ni vema tujue utafiti huo hupimwa vipi, maana anayelipa gharama ya ushauri mbovu ni sisi.

Mtafiti akimaliza kazi huandika andiko na kulituma kwenye jarida la kitaaluma. Mhariri hulisoma kwanza, na lisilofaa hulirudisha. Linaloonekana kuwa na kitu hupelekwa kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo. Hao ndio wahakiki. Kwa kawaida mwandishi haambiwi majina yao, na kwa majarida mengi wao pia hawaambiwi jina lake. Mara nyingi hawalipwi. Huuliza: mashamba ya majaribio yalikuwa mangapi? Yalifuatiliwa misimu mingapi? Gharama zote zimehesabiwa? Kisha hushauri andiko likubaliwe, lirekebishwe au likataliwe.

Tabora yetu inao mfano wa zamani wa maswali hayo. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa njia ya misafara kutoka pwani. Wafanyabiashara Waarabu wa hapo, akiwamo Snay bin Amir, waliwaeleza habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Mwaka 1858 Burton alibaki Kazeh, Speke akaenda, akaliona ziwa upande wa Mwanza, akarudi na kutangaza kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Burton akahoji: umelizunguka? Umeuona mto ukitoka?

Speke alirudi tena, na mwaka 1862 akauona mto ukitoka ziwani, lakini hakuufuata wote. Wawili hao walitazamiwa kujadiliana mbele ya wataalamu mjini Bath, Uingereza, Septemba 16, 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, ikaonekana Speke alisema kweli. Lakini mwaka 1858 ushahidi wake ulikuwa haujatosha. Burton huenda aliuliza kwa wivu, na wahakiki wa leo nao wanaweza kuwa na wivu, ila swali lilikuwa la haki.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa andiko kuhusu mapato ya kaya zinazolima tumbaku. Mhakiki mmoja aliuliza mambo mawili tu. Kuni za kukaushia zimehesabiwa wapi? Na siku za kazi za mama na watoto? Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua daftari, nikaona ana haki. Nilikuwa nimeandika sifuri kwa sababu hakuna aliyetoa fedha mfukoni. Nilipozihesabu, faida niliyoisifia ilipungua sana. Fikiria kama andiko lile lingechapwa lilivyo, na bwana shamba akalitumia kukushauri uongeze ekari mbili.

Kazi nzuri zipo. Watafiti wa kituo cha Tumbi, pamoja na wale wa shirika la kilimo mseto la ICRAF, walijaribu kupanda miti aina ya akasia pamoja na mahindi, kisha kuiacha ikue na kuikata kwa ajili ya kuni za mabani. Hesabu za mapato na gharama za mfumo huo wilayani Tabora zilichapwa na jarida la kimataifa mwaka 2002. Lakini ni wakulima wangapi wa Sikonge au Urambo waliozisoma? Zilichapwa kwa Kiingereza.

Aidha, tusidanganyike kwamba kila kilichochapwa ni kweli. Mhakiki husoma karatasi, haendi shambani. Na yapo majarida ya kitapeli, yanayochukua ada na kuchapa chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science alituma andiko la uongo, lenye makosa ya wazi, kwa majarida 304. Majarida 157 yalilikubali.

Kwa mtazamo wangu, mkulima na mfanyabiashara anayeletewa "utafiti" aulize mambo matatu. Umechapwa na jarida gani, na lina wahakiki? Ulifanyika kwenye udongo na mvua kama za kwetu, kwa misimu mingapi? Nani aliulipia, na ndiye anayeuza bidhaa hiyo? Asiyeweza kujibu, mwambie arudi akiwa na majibu.

Nasi watafiti tuna deni. Utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya watu urudi kwao, hata kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili ubaoni pa chama cha msingi, gharama zote zikionekana. Hapo mkulima atakuwa mhakiki wa mwisho. Ajaribu robo ekari kwanza, aandike kila shilingi na kila siku ya kazi, ndipo aamue. Mali bila daftari hupotea bila habari.