DAKTARI ASIKIMBIE, NASI TUSIMWACHE MIKONO MITUPU

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilipewa hoja hii: "Daktari hana ruhusa kumkimbia mgonjwa, hata kama ugonjwa wenyewe waua." Mimi nilisema upande wa kukubali. Tulishinda kwa kura nyingi, tukapigiwa makofi, nami nikaenda likizo nikijiona mtu mwenye akili.

Nyumbani nilimsimulia shangazi yangu, ambaye ni mwuguzi katika zahanati moja ya shamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mliuliza kama daktari huyo ana glavu?" Hatukuuliza. Akanieleza kwamba kwao glavu huisha kabla ya mwezi kwisha, na kwamba usiku mmoja alimzalisha mama akiwa amejifunga mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa mtoto hangojei barua ya ofisini.

Tangu siku hiyo naona kwamba tulijadili nusu ya hoja tu. Nusu ya pili naileta hapa, wasomaji wenzangu waipime.

Wanafunzi wa zamani watakumbuka mambo ya Gulu ya mwaka 2000, ingawa sisi tulio madarasani leo tulikuwa hatujazaliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilijulikana kwamba Ebola imeingia kaskazini ya Uganda. Dr. Matthew Lukwiya, msimamizi wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, alikuwa Kampala akiongeza masomo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alipigiwa simu kwamba watu wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, miongoni mwao wanafunzi wa uuguzi. Alirudi mara moja, akachunguza habari za waliokufa, akatambua hatari ilivyo. Wagonjwa walitengwa katika wodi yao, na watumishi wakafundishwa namna ya kujikinga.

Hata hivyo wauguzi waliendelea kufa. Mwezi wa Novemba watumishi walikusanyika, wengi wakitaka kuacha kazi. Dr. Lukwiya alisema nao kwa saa nyingi, wakarudi wodini. Siku chache baadaye yeye mwenyewe aliugua, akafa tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Hudhaniwa kwamba alipata ugonjwa usiku alipokimbilia kumsaidia mwuguzi mmoja aliyekuwa mahututi, naye amevaa joho, glavu na barakoa, lakini macho yake hayakufunikwa. Katika Uganda nzima watu 425 waliugua, na 224 kati yao walikufa.

Wako wasemao, "Huyo ndiye daktari wa kweli, mwoga asiingie kazi hiyo." Hapana shaka Dr. Lukwiya anastahili heshima yote. Lakini tukimsifu yeye tu, twasahau jambo alilotufundisha. Yeye hakuwaambia watumishi wake wawe mashujaa tu. Aliwatengenezea wodi, mavazi na taratibu. Na mahali padogo palipobaki wazi, hapo ndipo mauti yalipopita. Askari naye huapa kwamba hatakimbia vita, lakini hatujasikia jeshi linalomtuma askari vitani kwa nyimbo peke yake.

Wengine watasema kwamba kiapo cha daktari hakitaji glavu. Nitawajibu hivi. Kiapo kiitwacho Azimio la Geneva kilitolewa na Chama cha Madaktari cha Dunia mwaka 1948. Mwaka 2017, katika mkutano wa Chicago, kilirekebishwa, likatiwa ndani yake neno jipya: kwamba daktari atatunza na afya yake mwenyewe, ili aweze kuwahudumia watu vizuri. Huo si uchoyo. Ebola hupita kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Mwuguzi aliyeambukizwa aweza kuupeleka ugonjwa kitanda hata kitanda, kisha akaupeleka kwa watoto wake nyumbani.

Tena yapasa tujue kwamba siku za kwanza Ebola hufanana na malaria: homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Nani atamwambia mwuguzi kwamba mgonjwa huyu si kama wale ishirini wa jana? Katika mlipuko wa mwaka 2022 nchini Uganda, watumishi wa afya 19 waliambukizwa, na saba wakafa. Mwezi wa Januari 2025, mtu wa kwanza kujulikana alikuwa mwuguzi wa Hospitali ya Mulago, na ugonjwa wake ulithibitishwa baada ya kufa kwake. Basi glavu si kitu cha kuletwa na ndege redio ikishatangaza hatari. Ni kitu cha kila asubuhi, kama chaki darasani.

Maoni yangu ni haya. Mwuguzi aliyepewa vifaa hana haki kumkataa mgonjwa, awe maskini, mgeni au mwenye ugonjwa wa kutisha. Lakini asiyepewa vifaa, akikataa kumgusa mgonjwa kwa mikono mitupu, lawama isimwangukie yeye kwanza. Imwangukie aliyekuwa na fedha za glavu akazitumia kwa jambo jingine. Najua kanuni hii haimalizi taabu ya usiku ule wa shangazi yangu. Mama alikuwa analia, na mtu mwema hawezi kusimama akitazama. Hiyo ndiyo sababu ya kosa kuwa kubwa zaidi: twategemea wema wa watu hao ili tuufiche uzembe wetu.

Wanafunzi wa zamani, baadhi yenu leo mko katika ofisi ambamo karatasi za manunuzi hutiwa sahihi. Karatasi ya glavu isilale mezani kwenu. Nanyi wenzangu mnaotaka kusomea udaktari, jifunzeni ushujaa, lakini jifunzeni pia kudai vifaa bila haya.

Hoja ile ikirudi muhula ujao, nitasimama tena upande wa kukubali. Ila kabla ya kusema neno lolote, nitauliza swali la shangazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano