Ukweli wa Umma Usinyimwe Fedha



Wengi wetu hudhani kwamba siri za serikali hulindwa kwa kufuli na askari tu. Iko njia nyingine, tena isiyo na kelele: kutotenga fedha za kuzifungua. Waraka wa siri haujifungui wenyewe. Sharti kila ukurasa usomwe na mtu mwenye ujuzi, apime kama lipo jina la mtu atakayedhurika, au habari za silaha zisizofaa kutangazwa. Kazi hiyo yahitaji mishahara. Naye ashikaye fungu la mishahara hiyo ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Marekani yatupa mfano ulio wazi. Mwezi Aprili 1995 Rais Bill Clinton alitia sahihi amri kwamba nyaraka za siri zenye thamani ya kihistoria zikitimiza miaka 25 zifunguliwe, isipokuwa zile zenye sababu maalumu ya kubaki zimefichwa. Majeshi yakajikuta na mamilioni ya kurasa za kupitia. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo, likihofu kwamba siri za silaha za nyuklia zingeponyoka, lilidai uangalifu zaidi. Mwaka 1999, katika sheria ya matumizi ya ulinzi, likaweka kikomo: Wizara ya Ulinzi isitumie zaidi ya dola milioni 51 kwa kazi hiyo katika mwaka wa fedha 2000. Likaagiza pia kwamba fedha hizo zioneshwe katika kasma yake pekee ndani ya makadirio. Nao muda wa kukamilisha kazi, uliokusudiwa kuisha mwaka 2000, ulisogezwa mara kadhaa hadi Desemba 2006.

Hapa hatuna budi kupambanua. Kudai kasma iliyo wazi ni usimamizi mwema, kwani mwenye kodi huona fedha yake imekwenda wapi. Hata hofu juu ya silaha za nyuklia haikuwa ya kubezwa. Lakini kikomo cha fedha hakichagui kati ya waraka wa hatari na waraka wa aibu. Vyote viwili hubaki gizani pamoja. Mwaka 2016 serikali hiyo ilikadiria gharama za kutunza siri zake kuwa zaidi ya dola bilioni 16, na za kuzifungua takriban milioni 100. Kwa kila dola moja ya kufungua, zaidi ya mia moja zilitumika kufunga.

Je, hayo yatuhusu nini? Tarehe 2 Desemba 1980, huko El Salvador, askari waliwaua wanawake wanne wa Kanisa kutoka Marekani, masista watatu na mlei mmoja. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa likipokea msaada wa Marekani. Ilipofika Novemba 1993 ndipo serikali ya Marekani ilipofungua maelfu ya nyaraka juu ya vita vile. Karibu nasi zaidi, Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961. Kitabu cha nyaraka za Marekani kuhusu Kongo ya miaka 1960 hadi 1968, zinazoonesha jinsi fedha za siri zilivyotumika katika siasa za nchi hiyo, kilichapishwa mwaka 2013. Wazazi na wajane wangapi walikwisha kuzikwa bila jibu?

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba binadamu ana haki ya kupewa habari za kweli kuhusu mambo ya umma, na kwamba amani hujengwa juu ya ukweli. Wahenga nao walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo twawasihi ninyi viongozi wa walei na wanajumuiya: bajeti ya ulinzi ya taifa lolote ijadiliwapo, msiishie kuuliza bei ya silaha. Ulizeni pia ni kiasi gani kimetengwa ili wananchi wapate kujua yaliyotendwa kwa jina lao, na nani bungeni anayefuatilia. Bunge lililopewa mamlaka juu ya hazina limepewa dhamana juu ya kumbukumbu za watu pia. Haki haiwezi kutendeka juu ya jambo lisilojulikana.