Mume wa Mtanzania naye afunguliwe mlango

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357.

Tuseme wapo kaka na dada wa Tanga. Kaka ameoa Mombasa, dada naye ameolewa na mwanamume wa huko huko, na wote wamepanga maisha yao Tanga. Kwa kifungu hicho, mke wa kaka ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe angali hai. Mume wa dada hana kifungu chake. Yeye hupimwa kama mgeni yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hapo awe amekaa jumla ya miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema na mchango kwa taifa. Akitimiza yote, uamuzi bado ni wako, na sheria haikulazimishi kutaja sababu.

Ajabu ni kwamba kwa watoto sheria hiyohiyo haibagui. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo hurithi uraia kwa baba au kwa mama. Kama mama Mtanzania anatosha kumpa mwanawe uraia, kwa nini ndoa yake isimsaidie mumewe kuuomba? Na Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Najua hofu iliyopo: wapo watakaooa ili wapate karatasi tu. Lakini hata mwanamke anaweza kuolewa kwa nia hiyo, na leo sheria haimwekei muda wowote wa kungoja. Kenya, kwa Ibara ya 15 ya Katiba yake ya 2010, humsajili mwenzi wa raia baada ya ndoa ya miaka 7, awe mume au mke. Dawa ya ndoa za uongo ni muda na uchunguzi, kwa wote.

Ombi langu ni moja: peleka bungeni muswada unaoondoa neno "mwanamke" katika kifungu cha 11 na kuweka "mwenzi wa ndoa". Masharti yawe magumu utakavyo, mradi yawe yaleyale kwa wifi na kwa shemeji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Raia, Tanga