Mpira wa Mlango Kwanza, Rangi Baadaye

Ndugu mfanyakazi, kazini unavaa kofia ngumu na kinga ya pua. Lakini wakati wa kiangazi unapakia bibi na watoto katika Land Rover yako ya zamani, mnafuata njia ya udongo kupita Mutshatsha na Kasaji mpaka Dilolo, nao wanafika wekundu kwa vumbi. Hiyo si desturi ya safari. Ni mpira wa mlango uliokwisha.

Wengine wanaanza na rangi mpya na redio. Sisi tunasema: mpira kwanza. Vumbi kubwa linabaki puani. Lile lisiloonekana kwa macho linafika mapafuni. Tena mpira wa mlango wa nyuma ukipasuka, motokari inavuta moshi wa motere ndani. Sumu iliyo katika moshi huo haina rangi wala harufu, na watoto waliolala nyuma hawatakuambia kitu.

Pima hivi: funga mlango juu ya kipande cha karatasi. Kikitoka pasipo kukaza, badilisha mpira, na ule wa kioo pia. Kwangua gundi yote ya zamani. Usiuvute mpira mpya, kwani ukivutwa hurudi na kuacha nafasi pembeni. Kiungo kiwe chini, si juu. Matundu ya maji chini ya mlango usiyazibe, bati litaoza.

Usalama hauishii langoni pa mgodi. Watoto hawana kinga ya pua. Mlango unaofunga vizuri ndio kinga yao.