Kabla Hujachagua Kozi KUCCPS, Uliza Chuo Kinafanya Nini Nje ya Geti

Nyinyi mliomaliza KCSE, hii ni yenu. KUCCPS wakifungua mtandao wao, kila mtu anaangalia vitu vitatu: pointi za klasta, jina la chuo na nauli ya kufika. Mimi naongeza cha nne: hicho chuo kinafanya nini nje ya geti lake?

Najua mtasema, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatushauri nini? Sawa. Karo ilinishinda, lakini macho ninayo, na nyumbani kwetu ni Garsen.

Angalieni huku. Novemba 2023 mafuriko yalihamisha watu. Aprili 2024 maji yakarudi, wengine hata kujenga upya hawajamaliza. Pale kambini kazi nyingi ni za watu waliosoma: kutibu maji ya kunywa, kupima watoto utapiamlo, kuandika orodha ya familia ili msaada usiishie kwa ndugu za mtu mmoja. Na msisahau 2012 na 2013, Wapokomo na Waorma walipouana juu ya ardhi, malisho na maji, zaidi ya watu 100 wakafa. Ukisomea sheria, kilimo au upimaji ardhi miaka minne bila kukaa chini na mkulima na mfugaji, utarudi na cheti halafu utusaidie nini?

Kuna wanaofanya hii kitu vizuri. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kina mpango unaitwa COBES. Wanafunzi wa udaktari wanapelekwa kwenye vituo vya afya mashinani, na ni sehemu ya kozi yenyewe. Si hisani, ni somo.

Sasa msidanganywe na siku moja ya kupanda miti, fulana mpya na picha na mheshimiwa. Hiyo ni kontenti. Mimi ndiyo kazi yangu, naijua nikiiona.

Kwa hivyo tafuta mwanafunzi anayesoma pale, umuulize:
- Kazi ya jamii iko ndani ya kozi, ama ni ya wenye muda tu?
- Nauli ya kwenda huko analipa nani?
- Wanakijiji waliulizwa wanataka nini?
- Mwaka ujao mnarudi palepale, ama ndiyo imeisha hivyo?
- Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ni wa kweli, ama majina yanatoka ofisini?

Hilo la mwisho msilidharau. Ukizoea kunyamaza chuoni, utanyamaza pia kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, na watakaoamua ni walewale wa kila siku.

Kuna mtu atasema, "Mimi nataka kazi, sina muda wa kufanya bure." Namuelewa, na ndiyo maana swali la nauli ni zito. Chuo kinachomtuma mtoto wa maskini kijijini kwa pesa zake mwenyewe kinamnyonya.

Lakini karo yako imetoka wapi? Basari ya CDF, maembe ya mama, ng'ombe wa mjomba, harambee ya kijiji kizima. Jamii ilianza kukusomesha kabla ya chuo chochote. Chagua chuo ambacho hakitakufundisha kuisahau.