Akigongwa Kichwa, Binti Naye Atolewe

Ndugu wazazi, walimu wa michezo na makocha, mabinti zetu wanasakata soka kuanzia viwanja vya mtaani hadi mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, nasi tunawashangilia. Leo nawaombeni jambo moja: binti akigongwa kichwa, atolewe uwanjani dakika hiyo hiyo.

Huko Michigan, Marekani, watafiti walifuatilia wachezaji wa soka wa sekondari zaidi ya 80,000 kwa misimu mitatu kuanzia 2016. Wasichana walipata mtikisiko wa ubongo karibu mara mbili ya wavulana. Wavulana wengi waliumia kwa kugongana na mchezaji mwingine. Wasichana, mara nyingi kwa kupigwa na mpira au kujigonga kwenye mlingoti wa goli. Vijana wawili wakigongana vichwa, uwanja mzima huguna na refa hupuliza filimbi. Mpira ukimpiga binti utosini, mchezo unaendelea. Huenda ndiyo sababu wavulana ndio waliotolewa zaidi siku ile ile ya kuumia.

Kisha tunasikia kwamba wasichana huchelewa kupona kwa sababu ni dhaifu. Utafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, uliochapishwa 2019, unatufundisha jingine. Kweli walichelewa kupona, lakini pia walichelewa kufikishwa kwa mtaalamu. Waliofika ndani ya siku 7 walipona sawa na wavulana. Maumbile, kama nguvu ya misuli ya shingo, bado yanachunguzwa. Ucheleweshaji ni wetu sisi watu wazima, na tunaweza kuukomesha.

Tusingoje mchezaji azimie, maana wengi wanaopata mtikisiko hawazimii. Kumwagia maji kichwani na kumpa Panadol si tiba ya kumrudisha mchezoni. Mwulize: "Tuko kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho?" Akibabaika, akipepesuka, au akilalamika kuwa mwanga unamuumiza macho, mechi yake imekwisha, hata kama ndiye mfungaji wenu tegemeo. Akitapika tena na tena, akipata degedege, au ikiwa vigumu kumwamsha, akimbizwe hospitali.

Nyumbani apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea taratibu. Kumfungia chumbani wiki nzima hakumsaidii. Masomo yatangulie, mpira ufuate hatua kwa hatua, na mechi aicheze kwa ruhusa ya daktari. Ubongo ukigongwa tena kabla haujapona, mtoto anaweza kupoteza maisha.

Mwalimu, kabla ya mechi ijayo teua mtu mmoja wa kukaa kando ya uwanja, asiye na kazi ya kupanga timu wala kuhesabu mabao. Kazi yake iwe kuangalia nani kagongwa kichwa, na neno lake la kumtoa mchezaji, awe binti au mvulana, lisipingwe na kocha, mzazi wala mchezaji mwenyewe.