Neno la Mhariri: Nani Aliruhusiwa Kukataa?

Mjadala uliozaa toleo hili umeniudhi kwa muda mrefu, na ni afadhali niliseme hilo mapema. Upande mmoja wako wanaodai kuwa ubunifu unaoanza na mtu ni mtindo wa wafadhili: umekuja na miongozo ya California na utaondoka siku fedha zitakapokauka. Upande wa pili wako wanaouchomeka katika kila andiko la mradi, liwe la choo, la jiko au la programu ya simu, bila kubadilisha chochote katika namna ya kufanya kazi. Wote wawili wanasadiki jambo moja ambalo si kweli, kwamba kwetu swali la mtu na kitu anachotengenezewa limeanza juzi. Tumeliandaa toleo hili Morogoro kwa sababu watu wa milima ya Uluguru wanalijua swali hilo tangu zama za mkoloni, na walilijibu kwa gharama ya maisha ya mtu.

Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Wasomaji wetu wengi wameusoma kama sura ya historia ya kudai uhuru. Mimi naomba tuusome kama kazi ya ubunifu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Palikuwa na tatizo la kweli: udongo ulikuwa ukiporomoka, na vijito vinavyolisha mto Ruvu vinaanzia huko juu. Palikuwa na wataalamu waliosoma, na palikuwa na kitu kilichobuniwa kwa ustadi, yaani matuta mapana yaliyosawazishwa kukata mteremko. Vikao vya baraza viliitishwa, viongozi wa jadi wakahusishwa, mabwana shamba wakapanda milima kuonyesha namna ya kuchimba. Mpango huo ungepelekwa leo kwa mfadhili yeyote ungepata alama nzuri kwenye kipengele cha ushirikishwaji.

Kilichokosekana ni njia ya kusema hapana. Kuchimba matuta kulikuwa amri, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kikao ambacho jibu la hapana halina mahali pa kuandikwa ni tangazo, hata watu wakikaa duara na kila mmoja akapewa nafasi ya kuzungumza.

Na sababu za kukataa zilikuwepo tele, tena za kiufundi. Katika sehemu nyingi za milima ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta pana unaufukia udongo wa juu na kuufunua wa chini, ambao mahindi na mpunga wa mlimani hayaupendi. Kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuilipa. Juu ya hayo, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mtu angeweza kulima shamba la ukoo mwingine kwa kutoa ngoto, lakini hilo halikumfanya mwenye shamba. Sasa mwambie mtu huyo achonge mlima wenyewe, aache alama ya kudumu katika ardhi aliyoazima. Umemwingiza katika ugomvi na wenye ardhi, na umemwingiza mwenye ardhi katika hofu ya kunyang'anywa. Mchoro wa tuta haukuwa na mstari wa jambo hilo.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, kupinga. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Ulazima wa matuta ukaachwa, na TANU, iliyokuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja, ikapata wanachama milimani.

Wapo hadi leo wanaosimulia kisa hiki kama ukaidi wa wakulima, au kama siasa iliyowapotosha watu waliokuwa wakisaidiwa. Nenda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo. Huko wakulima walikuwa na desturi yao ya ngazi: magugu yanalazwa kwa kukingama mteremko, kisha udongo wa juu unavutwa kwa jembe kuyafunika, hivyo rutuba inabaki juu na mbolea inaoza chini yake. Na pale ambapo maji ya kumwagilia yalipatikana na mboga zikawa na soko hadi Dar es Salaam, watu wa Mgeta waliyakubali hata matuta mapana, kwa sababu kabichi na mboga za kumwagilia ziliilipa kazi. Mluguru wa mashariki alikataa na wa magharibi akakubali, kila mmoja kwa hesabu yake ya udongo, maji, jasho na bei. Hesabu hizo ndizo wataalamu walizokuwa wakizihitaji. Waliletewa bure, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ya watu kuchelewa, kuchimba ovyo na kulalamika barazani. Waliziita uvivu.

Najua nimelipa jambo hili nafasi kubwa kuliko makala zenyewe. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Kila ninaposikia warsha ya ubunifu ikifunguliwa kwa kuwagawia washiriki vikaratasi vya rangi waandike mahitaji yao, nawaza kama kuna aliyewaambia kuwa wanaweza kusema kitu hiki hakifai, kirudisheni. Mara nyingi kifaa kimeshaagizwa. Mama aliyetoka Kinole na kulipwa posho ya siku hawezi kumwambia mwenye posho kwamba jiko lake halifai kupikia ugali wa watu wanane. Atasema ni zuri. Ripoti itaandika kwamba watumiaji wameridhika, na jiko litatumika kuhifadhia viazi.

Ndiyo maana makala kuu ya toleo hili inahusu maisha ya kazi ya mbunifu wa bidhaa ambaye mji wetu unamfahamu kwa panya wake kuliko kwa fani yake. Bart Weetjens alisomea ubunifu wa bidhaa huko Antwerp, Ubelgiji. Katika miaka ya 1990 alilichambua tatizo la mabomu ya kutegwa ardhini kama mbunifu anavyochambua bidhaa iliyoshindwa, na akaona kwamba vifaa vya kutegulia vilikuwa ghali, vilitoka nje, na viliwafanya watu wa vijijini wamsubiri mtaalamu wa kigeni. Yeye na mwenzake wa masomo, Christophe Cox, walipata fedha za kwanza za utafiti kutoka serikali ya Ubelgiji mwaka 1997. Mwaka 2000 shirika lao, APOPO, linalofunza panya kunusa mabomu hayo, likahamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA).

Wasomaji wanajua yaliyofuata. Mwaka 2004 panya 11 walifaulu mtihani wa viwango vya kimataifa nchini Msumbiji, na mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru na mabomu hayo. Mwaka 2020 panya Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa hapa Morogoro kisha akafanya kazi Kambodia, akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Nishani ile ilitupa fahari sote, nami pia. Lakini sifa za panya zimefunika kazi ya ubunifu iliyo nyuma yake, na mwandishi wetu ameifunua vizuri.

Kuna pingamizi ambalo limewahi kutolewa na watu ninaowaheshimu: Weetjens alifuga panya tangu utotoni, kwa hiyo alianza na kitu alichokipenda kisha akakitafutia tatizo, kinyume kabisa na ubunifu unaoanza na mtu. Sikubaliani nao. Mbunifu yeyote huja na mapenzi yake, na la kupima ni nani ana uwezo wa kuyazuia. Kwenye kuchagua panya, walisikilizwa wanaojua panya. Prof. Ron Verhagen wa Antwerp alielekeza kwenye buku, panya mkubwa wa Afrika, anayeweza kuishi hadi miaka minane akitunzwa na ambaye hali ya hewa yetu ni kwao. SUA ilikuwa na ujuzi wa panya kabla APOPO haijafika, kwa sababu panya shamba huwamalizia wakulima wa Morogoro mahindi yao, na watafiti wa hapa na wa Antwerp walikuwa wakiwachunguza pamoja tangu miaka ya 1980. Walioitwa kuwafunza buku walikuwa Watanzania. Mafunzo huchukua karibu miezi tisa, kwa mlio mdogo wa kuashiria na kipande cha ndizi au karanga, na mwisho wake ni mtihani ambao panya hupimwa juu ya mabomu yaliyofukiwa mahali ambapo mwongozaji wake hapajui. Akikosa, haendi kazini. Kifaa cha kutambua metali husimama kwenye kila msumari, wakati buku hutafuta harufu ya baruti tu, na uzito wake wa kilo moja na kidogo haulipui bomu. Baada ya hapo ardhi inarudi kwa mwenyewe, naye ndiye mkaguzi wa mwisho, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshika jembe na kumtuma mwanawe kuchunga. Akisita kuingia shambani, kazi haijaisha, hata cheti kikiwa kimetiwa sahihi.

Upande wa kifua kikuu unanivutia zaidi, kwa sababu humo mtu ni mgonjwa wa Kichangani au Temeke tunayempita barabarani. Buku hunusa sampuli za makohozi kutoka vituo vya afya, zikiwemo zile ambazo hadubini haikuona kitu, na wanazozishuku huthibitishwa maabara. Wanaweza kupitia sampuli mia kwa muda wa dakika ishirini hivi. Wageni hupiga picha hapo na kuondoka. Lakini majibu yakishapatikana lazima yamfikie mtu ambaye ameshaambiwa hana ugonjwa, amerudi kwake, pengine amehama chumba. Wanaomtafuta ni watu wa kujitolea wa MKUTA, kikundi cha kupambana na kifua kikuu, ambao miongoni mwao wamo waliopona ugonjwa huohuo na wanajua namna ya kubisha hodi bila kumwaibisha mtu mbele ya wapangaji wenzake. Kwangu mimi, hodi hiyo ni sehemu ya bidhaa sawasawa na pua ya buku. Wanafunzi wa ubunifu waende wakaifuatilie kwa miguu.

Makala nyingine ziko mikononi mwenu. Ile ya tenga la nyanya na lumbesa isomwe na kila anayedhani kifungashio ni jambo dogo. Makala kuhusu Kilimo Endelevu Tanzania, wanaojulikana zaidi kama SAT, inaonyesha utafiti ambao wakulima ndio wanaochagua swali, na nasikitika kwamba mwandishi hakupewa kurasa zaidi. Mchangiaji wetu kutoka Nairobi ameandika vyema kuhusu pampu za kukanyaga za KickStart, ingawa anaamini soko peke yake linatosha kuwa njia ya mtumiaji kukataa. Halitoshi. Asiye na fedha hakatai kitu sokoni, hakuulizwa kabisa. Makala ya programu za simu za wakulima nimeikubali kwa sababu ina takwimu za uaminifu kuhusu waliojisajili na kuacha, jambo ambalo wenye programu hizo hulificha.

Mwandishi wa makala ya historia ya fani hii hatakubaliana nami. Anaanzia kwa mbunifu Victor Papanek na kitabu chake cha 1971, anapita kwenye mwongozo wa 2009 wa kampuni ya IDEO ya California, kisha anatua Dar es Salaam. Ni historia sahihi ya vitabu. Nimeichapisha bila kuipunguza, na ninaomba isomwe huku ramani ya Matombo ikiwa mezani, kwa sababu miaka kumi na sita kabla ya Papanek watu wa pale walishatoa hukumu juu ya kitu kilichobuniwa bila wao, na hukumu hiyo ilifuta mpango mzima.

Kuanzia toleo lijalo tunabadilisha masharti ya kupokea makala za miradi. Picha za warsha na maneno ya shukrani ya washiriki hatutayahitaji. Kila mwandishi ataeleza kitu gani watu walikikataa, walikikataa mbele ya nani, mbunifu alibadilisha nini baada ya hapo, na nani alilipa gharama ya mabadiliko hayo. Mradi ambao hakuna aliyekataa chochote tutaurudisha kwa mwandishi, aende akaulize tena bila posho na bila bosi wake kuwepo. Makala ziandikwe kwa Kiswahili, na za mafundi wa Kihonda, Mlali na Nyandira wasiowahi kuchapisha popote zitasomwa kwanza.